Bosi wa mgodi ambao haujachimbwa: mshahara wake unatoka wapi?

Machimboni Geita au Chunya, hesabu ya malipo ni fupi. Mwenye duara, yaani shimo la kuchimbia, analisha watu wake, ananunua magogo na baruti, na mawe yakitoka mifuko inagawanywa kati ya mwenye leseni, mwenye duara na wachimbaji. Mawe yasipotoka, kila mtu ameambulia ugali na maharage. Kule Vancouver, Toronto na Perth kuna biashara nyingine ya madini ambamo mkurugenzi mtendaji anaweza kulipwa kila mwisho wa mwezi, mwaka wa nane sasa, na kampuni yake haijauza hata gramu moja. Sheria inaruhusu, na mara nyingi hakuna aliyeibiwa. Ila namna malipo hayo yalivyopangwa humweleza mwenye macho mambo mengi kuhusu kampuni, kuliko zile picha za mashine za kuchoronga, yaani kutoboa mwamba, zinazopamba tovuti yake.

Kampuni hizi ndogo za kutafuta madini tunaishi nazo, hata kama hatuzijui kwa majina. Bulyanhulu, kabla ya kuwa mgodi wa Barrick, ulikuwa mradi wa Sutton Resources, kampuni ndogo ya Vancouver iliyonunuliwa na Barrick mwaka 1999. Nyanzaga, kule Sengerema, ulishikiliwa na OreCorp ya Perth hadi Perseus ilipoinunua mwaka 2024. Grafiti ya Mahenge iko mikononi mwa Black Rock Mining, nayo imeandikishwa katika soko la hisa la Australia. Nikeli ya Kabanga, wilayani Ngara, imejulikana tangu miaka ya 1970, imepita kwa wamiliki kadhaa wakubwa kwa wadogo, na wakurugenzi waliosafiri kwenda kuiona wengine wameshastaafu.

Kinachoziunganisha ni kwamba hazina mapato. Hakuna dhahabu ya kuuza, hakuna mteja, hakuna faida. Kwa hiyo mshahara wa bosi hauwezi kutoka kwenye mauzo ya madini. Unatoka kwenye mauzo ya hisa.

Tuchukue kampuni ya kubuni. Ina hisa milioni 60, kila moja senti 10 za dola, kwa hiyo sokoni ina thamani ya dola milioni 6. Inahitaji fedha za kuchoronga, inatoa hisa mpya milioni 20 kwa bei hiyohiyo na kukusanya dola milioni 2. Habari inatangazwa: "Kampuni yapata milioni 2 kwa ajili ya uchorongaji." Sasa tuzifuate hizo fedha. Madalali waliouza hisa wanakata asilimia 6, yaani 120,000. Mkurugenzi mtendaji analipwa 240,000 kwa mwaka, afisa mkuu wa fedha 120,000, wajumbe wanne wa bodi 25,000 kila mmoja. Wanasheria, wakaguzi wa hesabu, ada za soko la hisa na pango la ofisi vinakula 260,000. Mikutano ya wawekezaji, tiketi za ndege na watu wa kuitangaza kampuni, 200,000. Jumla imeshafika 1,040,000. Zimebaki 960,000 za kwenda ardhini. Kama mita moja ya kuchoronga, pamoja na kambi na maabara, inagharimu dola 300, hizo ni mita 3,200, yaani mashimo 16 ya mita 200.

Mashimo 16 si haba, lakini mwaka ukiisha fedha zimekwisha na matokeo ni ya kawaida. Bei ya hisa imeshuka hadi senti 6. Kampuni inahitaji milioni 2 nyingine, na safari hii lazima itoe hisa milioni 33. Mama aliyekuwa na hisa 600,000 mwanzoni alimiliki asilimia 1 ya kampuni. Baada ya mauzo ya kwanza anamiliki 0.75, baada ya ya pili 0.53. Hakuuza kitu, ila fungu lake limekatwa karibu nusu. Katika miaka hiyo miwili bosi amepokea 480,000 bila kupungukiwa.

Ndiyo maana kuuliza tu kama mshahara ni mkubwa au mdogo hakutufikishi mbali. Dola 240,000 kwa mtaalamu wa jiolojia mwenye uzoefu wa miaka ishirini na tano si kufuru. Akienda kwenye kampuni kubwa yenye migodi inayozalisha atalipwa zaidi, na hatalazimika kuzunguka dunia akibembeleza wawekezaji. Lakini dola hizohizo ni asilimia 4 ya thamani yote ya kampuni yetu kila mwaka. Kwenye kampuni yenye thamani ya milioni 200 ni asilimia 0.12. Mshahara uleule, kwenye kampuni ya kwanza ni mzigo, kwenye ya pili hauonekani. Hesabu mbili zinatosha kuanzia: malipo ya viongozi ni sehemu gani ya thamani ya kampuni, na kwa kila dola iliyokusanywa, senti ngapi zilifika ardhini.

Sehemu ya pili ya malipo ndiyo inayowachanganya wengi. Ni opsheni, yaani haki ya kununua hisa siku za mbele kwa bei iliyowekwa leo. Katika TSX Venture, soko la Canada la kampuni ndogo, mpango wa kawaida huruhusu opsheni zisizozidi asilimia 10 ya hisa zote zilizopo, na kila hisa mpya zinapotolewa dari hilo linapanda nazo. Kampuni yetu yenye hisa milioni 80 inaweza kutoa opsheni milioni 8. Bosi anapewa milioni 2 kwa bei ya senti 10, muda wa miaka mitano. Hisa ikifika senti 50, ana dola 800,000 mkononi, zaidi ya mshahara wa miaka mitatu. Ikishuka hadi senti 6, opsheni zake ni karatasi tu.

Mtetezi wa mfumo huu atasema: tazama, bosi anafaidika pale tu wanahisa wanapofaidika. Kuna ukweli hapo, ila umekatwa nusu. Mwanahisa aliyenunua kwa senti 10, hisa ikashuka hadi senti 6, amepoteza fedha zake. Bosi hajapoteza kitu, amekosa tu kupata. Tena mwaka unaofuata anapewa opsheni mpya kwa senti 6. Hisa ikirudi senti 10, mwanahisa amerudi alipoanzia, bosi amepata faida. Fanya hivyo kwa miaka kumi ya bei kupanda na kushuka, uone nani ametajirika bila jiwe kuvunjwa.

Kuna jambo zito zaidi. Opsheni hulipa bei ya hisa ikipanda, na bei hiyo inaweza kupanda kwa habari peke yake. Bre-X ya Calgary ndiyo kisa ambacho kila mtu wa biashara hii anakijua. Ilidai kugundua dhahabu kubwa mno Busang, Indonesia, na thamani yake sokoni ikafikia takriban dola bilioni 6 za Canada. Mwaka 1997 ikabainika kuwa sampuli zilikuwa zimetiwa dhahabu kutoka nje, na kwamba ardhini hapakuwa na kitu cha maana. Mjiolojia wake mkuu, John Felderhof, alikuwa ameuza hisa za takriban dola milioni 84 mwaka uliotangulia. Mahakama ya Ontario ilimwachia huru mwaka 2007, na hukumu hiyo iheshimiwe. Kwa hoja yetu kinachohusika ni njia yenyewe. Utajiri wa watu wa Bre-X haukupitia kwenye bahasha ya mshahara. Mtu aliyekagua mishahara peke yake asingeona chochote cha kumshtua.

Kwa hiyo ule ushauri unaorudiwa sana mitandaoni, kwamba kampuni nzuri ni ile yenye mshahara mdogo na opsheni nyingi, mimi siuamini hivihivi. Mshahara mdogo pamoja na opsheni nyingi humfanya bosi atamani habari. Kinachonituliza zaidi ni hisa alizozinunua kwa fedha zake mwenyewe, kwa bei ileile waliyonunulia wengine. Jambo hilo halihitaji kukisiwa. Canada ina mfumo wa wazi unaoitwa SEDI, ambamo kiongozi wa kampuni anatakiwa kuripoti ununuzi na uuzaji wake ndani ya siku tano. Australia, kampuni hutangaza kwa fomu inayoitwa 3Y ndani ya siku tano za kazi, na fomu hiyo inaonyesha kama hisa zimenunuliwa sokoni au zimetokana na zawadi ya bodi. Tofauti ya hayo mawili ni kubwa.

Tuje kwenye karatasi zenyewe, kwa sababu hapa ndipo watu wengi hupotezwa njia.

Kampuni ya Canada hutoa kila mwaka waraka wa mkutano mkuu, unaopatikana bure kwenye SEDAR+, tovuti ya nyaraka za kampuni za huko. Ndani yake kuna jedwali la malipo ya viongozi: mshahara au ada ya ushauri, bonasi, posho za vikao, marupurupu, mengineyo, jumla. Jicho linakimbilia jumla. Lakini kwa kampuni ndogo za TSX Venture, jedwali hilo kwa kanuni haliingizi opsheni. Opsheni zina jedwali lake, kurasa za mbele, na halina jumla ya dola, lina idadi, bei na tarehe tu. Ukitaka kuona thamani yake unakwenda kwenye taarifa za fedha, kwenye maelezo ya malipo ya hisa. Huko wahasibu wameikokotoa kwa fomyula ya Black-Scholes, ambayo kwa hisa ya senti kumi inayoyumba kila wiki ni makisio yaliyovaa suti.

Kisha kuna maelezo ya miamala na watu wenye uhusiano na kampuni. Ukurasa huu usiukose. Bosi wa kampuni ndogo mara nyingi haajiriwi kabisa. Ana kampuni yake binafsi inayopokea "ada ya menejimenti". Kampuni ya mjumbe wa bodi ambaye ni wakili inapokea ada za sheria. Ofisi imepangishwa kutoka kwa kampuni ya mwenyekiti. Afisa wa fedha anatumikia kampuni tano zilizo ghorofa moja, kila moja inamlipa kipande chake. Huo mpango wa mwisho unaweza kuwa wa busara, maana kampuni ya milioni 6 haihitaji mhasibu mkuu wa siku nzima. Ila kama malipo yamegawanyika katika mafungu manne, mtu aliyesoma fungu moja ameona robo.

Mtego mwingine uko kwenye uhasibu. Viwango vya kimataifa, hasa IFRS 6, vinaipa kampuni uhuru wa kuchagua: gharama za utafiti zihesabiwe kuwa matumizi ya mwaka huo, au zirundikwe kwenye mizania kama mali. Kampuni iliyochagua njia ya pili inaweza kuhamisha sehemu ya ujira wa viongozi wake, kwa hoja kwamba muda huo waliutumia kwenye mradi, na kuuweka kwenye mali. Kwenye taarifa ya mapato na matumizi, gharama za ofisi zinaonekana zimebanwa vizuri. Fedha zimetoka vilevile. Anayelinganisha kampuni mbili bila kuangalia sera hii atampongeza asiyestahili.

Waaustralia wana karatasi iliyo rahisi zaidi, na ningependa wengine waiige. Kila robo mwaka kampuni ya utafiti hujaza fomu ya 5B. Mstari wa 1.2 unatenganisha fedha taslimu zilizokwenda kwenye utafiti, kwa wafanyakazi na kwenye utawala, ingawa kampuni inayorundika utafiti kama mali huandika sehemu hiyo kwenye mstari wa 2.1. Sehemu ya 6 inataja fedha zilizolipwa kwa wakurugenzi na watu wao wa karibu. Sehemu ya 8 inagawanya akiba iliyopo kwa kasi ya matumizi, inakuambia zimebaki robo ngapi za mwaka, na zikiwa chini ya mbili kampuni lazima ieleze itapata wapi fedha. Linganisha sehemu ya 6 na ile namba ya utafiti kwa robo nne mfululizo. Robo moja inaweza kudanganya, kwa sababu ya masika au mashine iliyoharibika. Nne zikikuonyesha wakurugenzi wanapokea zaidi ya kinachotumika kutafuta madini, kampuni hiyo imeshageuka mradi wa kuwatunza wakurugenzi.

Canada nayo ina kizuizi kimoja kilichojificha kwenye sheria ya kodi. Kuna hisa maalumu ambazo mnunuzi anapata nafuu ya kodi kwa sababu fedha zake zinakwenda kwenye utafiti wa madini ndani ya Canada. Fedha hizo haziruhusiwi kulipia ofisi kuu wala mshahara wa bosi wa makao makuu. Ndiyo maana mara nyingi utaona kampuni ikiuza hisa za aina mbili kwa mpigo, moja ya kuchoronga na nyingine ya "fedha huru", na ile ya pili ndiyo inayolisha ofisi. Kampuni ya Canada inayofanya kazi Tanzania au Congo haina nafuu hiyo, fedha zake zote ni huru, na hakuna kanuni ya kodi inayozizuia kubaki Vancouver.

Vipi kuhusu bonasi zinazofungwa na malengo? Inategemea lengo. Bonasi ya kukamilisha idadi fulani ya mita hulipa kwa kutoboa, hata ukitoboa pasipo na kitu. Bonasi ya kuongeza wakia kwenye makadirio ya mashapo inaonekana bora, mpaka ukumbuke kwamba wakia zinaweza kuongezeka kwa kushusha kiwango cha chini cha dhahabu kinachohesabiwa: mwamba ni uleule, namba imekua. Malengo magumu kuchezea ni yale yanayomhitaji mtu wa nje akubali, kama leseni ya uchimbaji kutolewa, benki kusaini mkopo wa ujenzi, au mzigo wa kwanza kuuzwa.

Halafu kuna mlango wa kutokea. Wengi wa mabosi hawa hawakusudii kujenga mgodi. Wanatafuta, wanathibitisha, wanauza. Great Bear Resources haikuwahi kufungua mgodi, lakini Kinross iliinunua mwaka 2022 kwa takriban dola bilioni 1.8 za Canada kwa sababu ya ugunduzi wake karibu na Red Lake, Ontario, na hakuna mwanahisa wa zamani anayelalamika kuhusu mishahara ya huko. OreCorp nayo iligombewa na Silvercorp na Perseus, na wenye hisa wakalipwa senti 57.5 za Australia kwa kila moja. Mkataba wa bosi katika kampuni kama hizi kwa kawaida huwa na kifungu cha kubadilika kwa umiliki: kampuni ikinunuliwa, analipwa mshahara wa mwaka mmoja au miwili kwa mkupuo, na opsheni zote ambazo hazijaiva, yaani muda wa kuzitumia haujafika, zinaiva siku hiyo. Kifungu hicho kinamfanya asimkatae mnunuzi mzuri kwa kuogopa kukosa kazi. Kikizidi kipimo, kinamfanya amkubali mnunuzi yeyote.

Nani anaweza kumzuia? Australia kuna sheria ya tangu 2011: robo ya kura zikipinga ripoti ya malipo miaka miwili mfululizo, wanahisa wanapiga kura ya kuamua kama wajumbe wa bodi, isipokuwa mkurugenzi mtendaji, warudi kuomba upya nafasi zao. Pia mkurugenzi hapewi hisa wala opsheni mpya bila idhini ya mkutano mkuu. Canada hakuna kura ya lazima juu ya mishahara. Kilichopo ni wanahisa wa TSX Venture kuidhinisha upya kila mwaka ule mpango wa asilimia 10, ajenda ambayo hupita watu wakiwa wanatafuta kahawa.

Kwa Mtanzania suala hili lina upande ambao mwekezaji wa Perth hana haja ya kuujua. Tangu 2017 serikali ina haki ya hisa zisizopungua asilimia 16, bila kulipia, katika kampuni zenye leseni za uchimbaji mkubwa na wa kati. Hisa hizo ziko kwenye kampuni tanzu ya hapa: Faru Graphite kwa Mahenge, Tembo Nickel kwa Kabanga, Sotta Mining kwa Nyanzaga. Bosi analipwa na kampuni mama ya nje. Lakini kwa desturi ya biashara hii, fedha za kampuni mama huingia kwenye tanzu kama mkopo, na mkopo hurudishwa kabla ya gawio. Kama gharama za makao makuu zimeingizwa ndani ya mkopo huo kwa jina la ada ya menejimenti, basi sehemu ya mshahara wa miaka ile ya kusubiri inakuja kukatwa kwenye gawio la Watanzania mgodi ukishaanza. Wabunge wetu huuliza sana kuhusu mrabaha. Salio la mkopo wa kampuni mama, pamoja na mchanganuo wake, lingestahili kuulizwa kwa sauti ileile, na mapema, wakati wa utafiti, kabla halijazoeleka kwenye vitabu.

Fomu za 5B hutoka ndani ya mwezi mmoja baada ya kila robo kuisha, kwa hiyo mwisho wa Januari, Aprili, Julai na Oktoba. Kampuni nyingi huzipeleka siku ya mwisho, jioni, zikiwa zimefunikwa na kurasa kumi za picha za sampuli. Fomu yenyewe ni zile kurasa chache za mwishoni.